Mwalimu Taratibu Ndani ya Bonde la Majivu

Mtaani kwao walimwita Mwalimu Taratibu, lakini si kwa upole wake. Alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na neno hilo ndilo alilolipigia kelele tangu asubuhi hadi jua kuzama: taratibu kwenye kona, taratibu na klachi, taratibu hapo mbele ya shule. Alilitamka kwa sauti ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Waliokaa vibarazani walimsikia gari likiwa bado mtaa wa pili, wakatazamana na kucheka kwamba leo kuna mtu kapatikana.

Wengi walidhani ni ukali, kumbe ni hofu. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha abiria na kuweka roho yake mikononi mwa watu wasiojua bado breki ipi na mafuta yapi. Gari lake lilikuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeizoea mno. Akiwa mezani anakula, mkewe akiangusha kijiko, mguu ulikanyaga sakafu. Akilala, ulikanyaga shuka. Mkewe, muuguzi wa zamu ambaye usingizi kwake ulikuwa wa kudokoa, alimwonya kwamba siku moja atamvunja ugoko kisha atalazimika kumtibu yeye mwenyewe bure.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, waliyempa jina la utani la Kasuku kwa kuwa tangu alipoanza kusema hakuona sababu ya kuacha. Alipofika umri wa kuendesha, baba akasema hakuna mtu mwingine atakayemfundisha. Mama alijaribu kumshauri. Alimwambia kwamba hata yeye hospitalini hamdungi sindano mtu wa damu yake, mkono hutetemeka. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Ilitokea siku ya mvua, kwenye mzunguko mkubwa wa barabara. Gari lilizimika katikati. Nyuma yao lori likapiga honi, honi ikapokewa na nyingine, na Mwalimu akapiga kelele ambazo hata yeye baadaye hakuweza kukumbuka maneno yake. Kasuku alizitoa funguo, akamwekea babaye mapajani, akafungua mlango na kushuka. Alivuka katikati ya magari, mvua ikimpiga, bila kugeuka. Mwalimu akabaki kwenye kiti cha abiria cha gari lisilo na dereva, mguu umebana breki, kana kwamba bado kuna kitu cha kuzuia.

Haukupita muda Kasuku alipata kazi katika duka la kuchapisha mabango kwenye mji mwingine, akahama. Mama alizungumza naye kila alipopata nafasi. Baba akiomba simu, alikuta imekatika. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine ukaanza.

Habari za Bonde la Majivu Mwalimu alizipata jikoni. Mkewe alikuwa akimenya vitunguu, akasema, kama anayesema mvua itanyesha, kwamba Kasuku siku hizi jioni akitoka kazini anafundisha. Mwalimu akainua kichwa. Anafundisha nini? Mkewe akaeleza alivyoelewa: kuna mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, unaitwa Bonde la Majivu, watu wa miji na nchi mbalimbali wanaingia pamoja. Ni mgumu kupita kiasi. Wageni wanauawa hadi wanalia, wanaufuta na kuapa hawarudi. Basi Kasuku amefungua chumba chake humo, anawapokea wageni na kuwaelekeza.

Mwalimu alisema huo ni upuuzi. Kisha akauliza kama anawafundisha kwa kuandika au kwa kuongea.

"Kwa kuongea," mkewe akajibu. "Kasuku huyo. Ataandika nini?"

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Maana yake ilikuwa kwamba kuna mahali duniani ambapo sauti ya mwanawe inasikika kila jioni, na yeyote anaruhusiwa kuingia.

Kompyuta ya zamani ya Kasuku ilikuwa bado chumbani kwake, imefunikwa kitambaa. Siku mkewe alipokuwa na zamu ya jioni, Mwalimu aliingia kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe, akafunua kitambaa, akavaa spika za masikioni. Kusajili jina tu kulimtoa jasho. Aliandika Jirani, kwa sababu ndilo neno la kwanza lililomjia.

Hakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Kasuku cha mchezoni. Aliogopa kuonekana mjinga mbele yake, hata kama hatamtambua. Akaamua ajifunze kwanza peke yake, na huko ndiko alikotambua mchezo ule ni wa namna gani. Mtu anateremshwa kwenye bonde lililojaa viwanda vilivyobomoka na mabehewa ya treni yaliyotelekezwa. Anaingia na bunduki na mkoba wake, anaokota anachokiona, kisha lazima atoke kwa lango mojawapo kabla ya muda kwisha. Akiuawa, vyote alivyobeba vinabaki kwa aliyemuua. Mwalimu alipewa vifaa vizuri vya mgeni, akavivaa vyote mara moja kama mtu anayekwenda harusini, akakimbia barabarani. Akafa. Hakujua risasi ilitoka upande gani. Akarudi, akakimbia zaidi, akafa upesi zaidi. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu muda wote bila kusaidia chochote. Alipozima kompyuta, mikono ilikuwa baridi na moyo unadunda kama wa mtu aliyenusurika na ajali, na alikuwa amekaa tu kitini.

Kufika jioni iliyofuata hakuwa amebakiwa na kitu ila kisu. Ndipo alipobonyeza chumba cha Kasuku.

Sauti ilimjia masikioni yote mawili, karibu kuliko simu, karibu kuliko mtu aliyekaa pembeni. Kasuku alikuwa akicheka na fundi mmoja wa majokofu, mwanafunzi wake, ambaye alikuwa amejilipua kwa bomu lake mwenyewe. Mwalimu alishika ukingo wa meza. Sauti ilikuwa imekomaa kidogo, chini ya kicheko kulikuwa na utulivu asioujua. Kisha ikasema, "Karibu, Jirani. Unatusikia?"

Angeweza kujibu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuongea. Akaandika kwamba maiki yake ni mbovu.

"Haina shida," Kasuku akasema. "Wewe sikiliza tu."

Basi akasikiliza. Kasuku alimuuliza amebakiwa na nini, Mwalimu akaandika: kisu. Fundi wa majokofu akacheka, Kasuku akamwambia asicheke, kwani wiki iliyopita yeye hakuwa hata na kisu. Akamweleza Jirani kwamba kosa la wageni wote ni kuingia na vitu vinavyowauma. Ukivaa kitu unachokipenda, unakwenda ukiwa na woga wa kukipoteza, na mwenye woga haoni mbele. Ingia na kile ambacho kikipotea hutakilalia njaa. Jioni hiyo alimpeleka bondeni na kile kisu chake, wakajibanza ndani ya behewa moja, na hawakufanya lolote ila kusikiliza. Hapo anapita mtu juu ya bati, alisema. Hapo mtu kakanyaga vioo. Huyu anakimbia, maana yake haogopi au hajui. Vyovyote iwavyo, mwache apite.

"Hapa masikio yanatangulia, macho yanafuata," akasema. "Ukikimbia, unachosikia ni miguu yako tu."

Tangu siku hiyo Mwalimu akawa na maisha mawili. Mchana alikuwa garini, na jioni, kila mkewe alipokuwa kazini, alikuwa bondeni. Aliendelea kufa. Alikufa kwenye ngazi, alikufa mlangoni, mara moja alikufa akiwa anasoma maelezo ya dawa ya jeraha huku jeraha likiendelea kumwaga damu. Kila alipokufa alisubiri kelele. Ilimchukua muda kutambua kwamba hakuogopa risasi, aliogopa kusikia sauti ya mwanawe ikipanda. Haikupanda. Kasuku alimuuliza, kwa sauti ileile ya kawaida, ni nini kilichomuua. Akiandika kwamba kauawa na mtu mwenye kofia nyekundu, alimrekebisha: hilo ni jibu la nani, mimi nakuuliza nini. Na Jirani angefikiri, kisha aandike: nilifungua mlango kabla ya kusikiliza. Haya, Kasuku angesema, huo mlango umeshakufundisha, twende mwingine.

Wakati huo Mwalimu alikuwa akimfundisha mshonaji mmoja wa makamo, mama mwenye mikono mizuri kwenye cherehani lakini gari likimwona lilizimika lenyewe. Asubuhi moja lilizimika kwenye kilima, magari yamejaa nyuma. Mwalimu alivuta pumzi ya kupiga ile kelele yake. Haikutoka. Badala yake akasikia kinywa chake kikimuuliza ni nini kimezima gari. Mshonaji alimtazama kwa wasiwasi mkubwa kuliko siku zote, akidhani mzee kapata kiharusi. Kisha akasema huenda aliachia klachi mapema. Wakajaribu tena, gari likapanda. Mshonaji alipoteremka alimuuliza kwa adabu kama nyumbani ni kwema.

Nyumbani hakukuwa kwema sana, kwani mkewe alikuwa ameshamfuma. Alikuwa amerudi mapema jioni moja, akasimama mlangoni mwa chumba cha Kasuku na viatu mkononi, akatazama mgongo wa mumewe ulivyoinama mbele ya kioo cha kompyuta, na akasikia, kwa mbali, kutoka kwenye zile spika, sauti ya binti yake. Akasubiri hadi mumewe alipovua spika.

"Anajua ni wewe?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

Mkewe alikaa kitandani. Alimwambia kwamba anamwelewa, na kwamba kuelewa huko hakumfanyi akubali. Mtoto yule alihama ili kuwa na mahali ambapo baba yake hafiki. Sasa baba yake yuko humo humo, kavaa jina la mtu mwingine, anamsikiliza anapocheka na wenzake. Siku akigundua, ataona hana pa kukimbilia tena. "Mwambie," akasema. "Ukichelewa, kila siku unayoongeza ni deni jingine."

Mwalimu aliahidi kumwambia kesho. Kesho ikafika, akaandika sentensi nzima, Mimi ni baba yako, akaitazama, akaifuta herufi moja moja. Kesho yake tena. Alianza kuogopa chumba kile kuliko alivyoogopa bonde. Kila Kasuku alipotania kwamba atamtafutia Jirani maiki mpya, Mwalimu aliandika haraka kwamba asijisumbue. Kila alipokaa kimya kidogo, Mwalimu aliwaza kwamba amegundua. Alipungua uzito. Hospitalini mkewe aliulizwa kama mzee anaumwa.

Na mwisho hakumwambia. Neno lilimtoka tu.

Walikuwa watatu, Kasuku, fundi wa majokofu na Jirani, na kwa mara ya kwanza mikoba yao ilikuwa imejaa. Walikuwa wamebakiza uwanja mmoja tu kufika kwenye lango, uwanja mpana wa reli wenye mabehewa pande zote. Muda ulikuwa unakwisha, king'ora kinalia, na Kasuku, ambaye siku zote aliwakataza wengine kukimbia, alitoka mbio kwenda kufungua lango. Fundi akamfuata. Mwalimu alibaki nyuma, kwa sababu alikuwa mzito wa vidole, na kwa kuwa alibaki nyuma alisikia: kokoto, upande wa kushoto, chini ya behewa. Kama mtu aliyelala kifudifudi akijigeuza. Akatazama, akaona mtutu wa bunduki, umetulia, unamfuata Kasuku.

Kulikuwa na kitufe cha kuonyesha wenzako hatari. Alikuwa amekifanyia mazoezi. Kidole kikapita juu yake kikaangukia kile cha kuongea.

"Taratibu! Simama! Kushoto kwako!"

Kasuku alisimama papo hapo. Mwili wake ndio uliosimama, kabla hajafikiri, kama mwili wa mtu aliyelelewa na sauti hiyo. Risasi ikapita mbele yake ikagonga lango. Fundi akageuka akapiga chini ya behewa hadi risasi zake zikaisha, na mtutu ukalala.

King'ora kiliendelea kulia, na fundi wa majokofu alikuwa akishangilia kwamba kumbe Jirani ana sauti, tena ya kutisha. Kasuku alifungua lango, akasimama pembeni hadi wote wawili wakapita, kisha naye akapita. Wakawa salama. Mwalimu akasubiri. Akasikia pumzi moja ndefu masikioni mwake, kisha jina la Kasuku likazimika.

Chumba hakikufunguliwa kesho yake, wala siku iliyofuata. Mwalimu alikaa mbele ya kioo akitazama jina lile likiwa la kijivu. Mkewe hakumwambia "nilikwambia," jambo lililomuuma zaidi kuliko kama angesema. Alipiga simu kwa binti, akazungumza naye nyuma ya mlango uliofungwa, akatoka macho mekundu. Alisema tu kwamba Kasuku kauliza kama mama alijua, na kwamba yeye amesema kweli. Usiku Mwalimu alilala chali bila kukanyaga chochote. Mchana mshonaji alimkuta anatazama barabara kama mtu aliyesahau iendako, akamwendesha yeye, taratibu kweli, hadi kituoni, na huko akalirudisha gari nyuma na kuliegesha sawasawa bila kuelekezwa.

Kisha jioni moja jina likawaka. Chumba kilikuwa na mtu mmoja.

Mwalimu aliingia.

"Maiki imepona?" Kasuku akauliza.

"Haikuwa mbovu, mwanangu."

"Najua."

Kasuku akasema amekasirika, na anataka alisikie hilo kwanza kabla ya jingine lolote. Alisema aliyapitia moyoni yale yote aliyowahi kusema mbele ya Jirani, kutafuta kama kuna la aibu, kama mtu anayepekua nyumba baada ya mwizi. Hakupaza sauti, na baba yake, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, hakuwa na kinga dhidi ya utulivu ule. Alitaka kujitetea. Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na aliyaacha yapite kama wale waliokuwa wakikimbia juu ya mabati.

"Lakini ninachoshindwa kukielewa ni kimoja," Kasuku akaendelea. "Umekaa humu siku zote hizo unanisikiliza. Bila kunikatiza. Nyumbani sikuwahi kumaliza sentensi."

"Nilikuwa naogopa," Mwalimu akasema.

"Kuniogopa mimi?"

"Sasa hivi, ndiyo. Zamani nilikuogopea. Kila ukigusa usukani nilikuona umeshakufa. Nilidhani nikipiga kelele ya kutosha haitatokea." Akaisogeza maiki karibu na kinywa. "Pale kwenye mzunguko sikukufundisha kitu. Nilikutisha. Nimekuja kulijua hilo nikiwa nakufa kwako humu kila siku na hunitishi."

Upande wa pili akasikia mtu akivuta kamasi. Kasuku akasema hajui kama amemsamehe, asimsukume. Akasema akitaka aje chumbani, lakini kwa jina lake, na aongee kama watu wengine. Na kwamba bado anakimbia sana bondeni, hasa kwenye ngazi.

Akaja. Fundi wa majokofu alipoambiwa Jirani ni nani akawa jioni nzima anamwita mzee na kumpisha mlangoni, jambo lililowaua wote wawili. Baba na binti hawakuzungumza mambo mazito tena. Walizungumza kuhusu mabehewa, na nani yuko juu ya bati, na dawa ipi kwa jeraha lipi. Lakini katikati ya hayo Kasuku angetaja kwamba mwenye nyumba wake kaleta mbwa wa pili, au kwamba mashine ya mabango inamuunguza vidole, na Mwalimu angehifadhi kila neno ili amsimulie mkewe, ambaye tayari alikuwa anayajua na alijifanya hayajui.

Mvua zilipokwisha, Kasuku aliwaambia anakuja kuwaona, siku mbili tu. Mwalimu aliosha gari, akaliosha tena. Asubuhi ya siku yenyewe alikaa na funguo mkononi, akiwaza. Akilileta gari, nani akae wapi? Akimkaribisha kiti cha abiria, je, ataona kama anamwambia hawezi? Akimpa usukani, je, ataona kama anamjaribu? Mkewe alimtazama anavyoshuka na kupanda ngazi za mlangoni, akamwambia basi litafika na kuondoka yeye akiwa bado hapo.

Mwisho alizitundika funguo kwenye msumari, akaenda kituoni kwa miguu.

Kasuku aliteremka kwenye basi na begi moja, amekonda kidogo, nywele kazikata. Walisimama wakitazamana katikati ya watu waliokuwa wakigombania mizigo. Kisha akatazama huku na huku nyuma ya baba yake.

"Gari liko wapi?"

"Nimeliacha," Mwalimu akasema. "Nilidhani tutembee."

Kasuku akamkabidhi begi, wakaondoka, na hata kabla hawajavuka barabara alikuwa ameanza kusimulia kitu kirefu kuhusu jirani aliyekaa naye safarini. Baba yake hakumkatiza.